Bunduki ya Risasi Moja ya Evaresta Kaaya

Evaresta Kaaya alikuwa bibi mifugo wa kata yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Sisi wa huku juu Nkoaranga, mteremkoni mwa Mlima Meru, tulimwita Daktari, ingawa kila mara alitusahihisha: "Mimi si daktari, nina stashahada." Hakuna aliyejali. Ng'ombe akishindwa kuzaa aliitwa yeye, naye alipanda njia za miguu zenye utelezi akiwa na mabuti ya mpira na mkoba wa dawa begani. Mwaka wake wa kwanza kazini kamba ya ndama dume ilimvunja kidole gumba cha mkono wa kulia. Kikaunga vibaya, na tangu hapo hakikukunjika sawasawa.

Mume wake alifariki zamani. Binti yake Sia ameolewa Moshi. Ndugu aliyebaki naye karibu ni mdogo wake, Stanley, na habari ya Evaresta haisimuliki bila ya Stanley.

Miaka sita iliyopita mbwa mwenye kichaa aliingia kitongojini kwetu asubuhi ya Jumanne. Aliuma mbuzi wawili, akamuuma na mzee mmoja kwenye kisigino. Stanley alikuwa na bunduki ya halali aliyorithi kwa baba yao, shotigani ya mitutu miwili, nzito, ya tundu kubwa lile wanaloita namba kumi na mbili. Watu walimkimbilia. Alimkuta mbwa kwenye mfereji juu ya nyumba ya jirani yetu Lesikar, akafyatua mtutu wa kwanza, akamjeruhi mguu. Mbwa akageuka, akateremka kuelekea migombani kwa Lesikar. Stanley akamfuata, akafyatua mtutu wa pili.

Nyuma ya ile migomba alikuwepo Nembris, mke wa Lesikar, ameinama anakatia ng'ombe majani. Alifariki wakiwa bado wanamteremsha kwa machela.

Stanley alikiri mahakamani kuua bila kukusudia. Alifungwa miaka mitatu, bunduki ikachukuliwa na polisi. Alipotoka hakurudi Nkoaranga. Alipanga chumba Elerai, mjini Arusha, akawa anachomelea mageti na madirisha. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakasema yao, na mambo yakaisha kwa jinsi mambo kama hayo yanavyoweza kuisha. Lesikar hakumtukana mtu. Ila tangu siku ile, akikutana na Evaresta njiani, alipokea shikamoo yake akapita. Maneno mengine hayakuwepo.

Evaresta alistaafu. Mwaka uliofuata kichaa cha mbwa kikarudi.

Safari hii hapakuwa na mwenye bunduki aliyekubali kutoka. Vijana walitumia mapanga na mawe, na wawili kati yao wakaumwa. Mama mmoja wa kitongoji cha jirani aliumwa mkononi, akaona aibu kusema, akaenda hospitali siku ambazo dawa haisaidii tena. Tulimzika mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kaburini.

Baada ya mazishi yale mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Watu walizungumza juu ya chanjo, na Evaresta aliahidi kuifuatilia halmashauri. Kisha mwenyekiti akauliza: mpaka chanjo ifike, na akitokea mbwa mwingine mwenye kichaa, nani atamwondoa?

"Nitaomba kibali cha bunduki mimi," Evaresta akasema.

Mama mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, lakini sote tulisikia: "Familia ile ile?"

Evaresta hakugeuka. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi. Lesikar, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe pembeni amejifunika shuka, akasimama. Alikuwa na miaka sitini na sita wakati huo, mrefu, mgongo bado umenyooka.

"Sina pingamizi," alisema. "Nina swali. Atachukua bunduki gani?"

Evaresta hakuwa amefikiria hilo.

"Akipata jibu, atuambie," Lesikar akasema, akaondoka.

*

Mjini Arusha, nyuma ya mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi, kulikuwa na karakana ya fundi bunduki aitwaye Jasdeep, Singasinga mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha bluu. Babu yake alianza kazi hiyo na yeye ndiye wa mwisho kuifanya. Evaresta alimkuta anapangusa mtutu kwa kitambaa cha mafuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama, karibu. Unatafuta nini?"

"Bunduki ya kuulia mbwa wenye kichaa, katikati ya nyumba za watu."

Jasdeep akaacha kupangusa. "Kaa kwanza. Nieleze hizo nyumba zimekaaje."

Alimweleza. Migomba na kahawa mpaka mlangoni. Njia nyembamba, mteremko mkali, na mahali pengi huoni zaidi ya hatua ishirini. Mtu anaweza kutokea nyuma ya jani lolote, muda wowote. Na kutoka kwake mpaka kitongoji cha juu ni saa nzima ya kupanda.

"Na nani aliumia?" Jasdeep akauliza. "Watu wanaokuja hapa huniuliza bunduki ipi inafika mbali. Wewe umeanza na nyumba za watu."

Akamweleza na hilo pia. Alilieleza kwa kifupi, macho yake yakiwa kwenye kitambaa cha mafuta. Jasdeep hakusema pole. Aliinuka, akafungua kabati la chuma, akalaza bunduki tatu juu ya meza. Zote zilikuwa za mtutu mmoja, za kukunja katikati. Alizikunja moja moja, akamwonyesha kwamba ni tupu, akamwambia azikague tena mwenyewe kwa kidole.

"Hii ya kwanza ni namba kumi na mbili, kama ya kaka yako."

"Ni mdogo wangu."

"Kama ya mdogo wako, ila ni ya risasi moja, na wameipunguza uzito. Wengi huipenda. Inua."

Evaresta aliinua. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia, akasema hivyo.

"Hapo ndipo wanapokosea," Jasdeep akasema. "Bunduki imekonda lakini risasi ni ile ile nene. Teke lote linarudi begani kwako. Ikikupiga mara mbili, mara ya tatu utafumba macho kabla ya kuvuta. Na aliyefumba macho hajui amepiga nini."

Evaresta akairudisha mezani.

Ya pili ilikuwa namba ishirini, ya tundu la kati, maana namba ikipanda tundu hupungua. Mbao zake zilikuwa nzuri, za rangi ya asali, na ilipokaa begani ilitulia. Jasdeep alisema kwamba kama angekuwa anachagulia mtu mwingine wa umbo lake, angeishia hapo. Alimwonyesha nyundo ndogo iliyo nyuma ya mtutu: ili ifyatue, ni lazima uivute nyuma kwa kidole gumba, na ukibadili mawazo unairudisha mbele taratibu kwa kidole hicho hicho, huku umevuta kifyatulio.

"Jaribu kuirudisha. Elekeza ukutani."

Evaresta alivuta nyundo. Ilikuwa ngumu. Alipojaribu kuirudisha, kile kidole kibovu kikateleza, nyundo ikagonga: tak. Bunduki ilikuwa tupu.

"Naweza kulegeza springi," Jasdeep akasema. "Lakini nikilegeza sana, itaacha kupasua fataki ya risasi."

"Usilegeze. Nionyeshe ile."

Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, imekwaruzwa kitakoni, na tundu la mtutu wake lilikuwa jembamba hata kidole cha mwisho cha Evaresta hakikuingia. Fundi aliiita foteni, kwa Kiingereza four-ten. Uzito wake ulikuwa kilo mbili na kidogo, pungufu ya mkoba wake wa dawa. Nyundo yake ilikuwa pana, yenye mikato, na ililainika kwa miaka ya kutumika. Evaresta aliivuta na kuirudisha, akaivuta na kuirudisha, mara kumi, mara kumi na tano. Haikuteleza hata mara moja.

"Hiyo sasa nikwambie ubaya wake," Jasdeep akasema, akaketi. "Risasi yake ni ndogo, yenye marisau machache, hizi golori ndogo za ndani. Ukitaka mbwa mkubwa afe palepale bila kuteseka, usizidi hatua kumi na tano. Kumi ni bora. Zaidi ya hapo utamjeruhi tu. Kwa bunduki kubwa mtu anaweza kukosea kidogo ikamsamehe. Hii haisamehi."

"Na yanayopita pembeni?"

"Yanachoka upesi kuliko ya kubwa. Lakini usije ukajidanganya, mama. Hata hatua arobaini yanaweza kutoboa jicho la mtu. Bunduki isiyoua sijawahi kuitengeneza."

"Na nikikosa?"

"Unaikunja, unatoa ganda, unaweka nyingine, unafunga, unavuta nyundo. Kwa hicho kidole chako, sekunde sita."

"Mbwa katika sekunde sita?"

"Anaweza kukufikia. Sikufichi. Kwa hiyo unakuwa na mwenzako mwenye fimbo, na hufyatui mpaka uwe na hakika."

Evaresta alikaa na ile bunduki mapajani, imekunjwa. Aliniambia baadaye kwamba wakati huo alikuwa anahesabu kimoyomoyo, moja mpaka sita. Kati ya mtutu wa kwanza wa Stanley na wa pili hazikupita hata sekunde mbili.

"Nitachukua hii," alisema.

Jasdeep alipima kitako cha bunduki kwa kukiweka kwenye kiwiko cha Evaresta, akaona ni kirefu, akaahidi kukikata kipande cha upana wa vidole viwili. Aliandika jina la bunduki na namba yake kwenye karatasi, kwa ajili ya fomu.

Kibali kilichukua miezi sita. Kilianzia serikali ya kijiji, kikaenda kamati ya ulinzi ya kata, polisi wilaya, mpaka mkoani. Alipigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, akahojiwa mara mbili juu ya Stanley, na mara zote mbili alijibu bila kuficha. Akapelekwa kwenye mafunzo ya shabaha. Huko alikuwa mwanamke pekee na mkubwa kuliko wote. Alibandika maboksi kwenye ukingo wa udongo kwa hatua kumi, kumi na tano na ishirini, akawa anahesabu matundu. Kwenye boksi la hatua ishirini alikuta tundu moja, mara nyingine hakuna. Akaacha kulibandika.

Kabla hajaileta bunduki kijijini alisimama kwenye mkutano, akajibu lile swali. Alisema ni ndogo, ni ya risasi moja, na haifiki mbali. Lesikar hakuwepo siku hiyo.

*

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, asubuhi, Evaresta alikuwa anachambua kahawa uani aliposikia mtu ameita kutoka getini.

"Daktari."

Alikuwa Lesikar. Amesimama nje ya geti, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Karibu ndani."

"Marahaba. Siingii. Tomi ameanza."

Tomi alikuwa mbwa wake, mwekundu, mwenye kifua kipana, aliyezoeleka na kitongoji kizima. Lesikar alieleza kwamba wiki tatu nyuma Tomi alipigana na mbwa asiyejulikana. Yeye aliona kidonda, akanyamaza, akidhani kitapona. Jana jioni Tomi alimuuma mkwe wake kwenye paja. Asubuhi hii, akiwa amefungiwa zizini, alikuwa anatoa udenda na kuuma mbao.

"Mkwe yuko wapi?"

"Ameshateremka hospitali na mume wake."

"Mmeosha kidonda?"

"Kwa sabuni, kama ulivyotufundisha."

Evaresta aliingia ndani, akafungua sanduku la chuma, akatoa bunduki na risasi tatu. Walipanda pamoja, Lesikar mbele.

Walipofika, Evaresta aliwatoa watu wote uani, akawapeleka upande wa juu, akawahesabu. Kisha akamwambia Lesikar naye aende.

"Huyu ni mbwa wangu," Lesikar akasema. "Nitasimama nyuma yako na fimbo."

Hakubishana naye. Lesikar aliitazama bunduki.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Ina risasi ngapi?"

Evaresta akaikunja, akamwonyesha tundu moja, tupu. "Moja."

Lesikar aliinama akalichungulia kwa muda. "Ni ndogo kweli," alisema.

Evaresta akaweka risasi, akafunga. Walisimama hatua kumi na mbili kutoka mlango wa zizi. Lesikar alivuta kamba ya komeo kutoka mbali, mlango ukafunguka.

Tomi hakutoka mbio. Alitoka anayumba, kichwa chini, miguu ya nyuma inakokota. Alisimama kwenye mwanga kama hauelewi. Evaresta alivuta nyundo. Nyuma ya Tomi ilikuwa migomba, na nyuma ya migomba njia ya miguu.

Mbwa akaanza kutembea kuelekea uwazi wa uzio.

"Piga," Lesikar akasema.

"Bado."

"Anatoka, Daktari. Piga!"

"Sioni kilicho nyuma yake."

Alimsikia Lesikar akivuta pumzi nyuma ya sikio lake, kisha hakumsikia tena. Kwa kile kidole kibovu akairudisha nyundo mbele, taratibu, akapiga hatua tatu kushoto, ili mbwa akisogea abaki na ukingo wa udongo uliokatwa uani mgongoni. Tomi alisikia nyayo. Akageuka. Akaja upande wao, si kwa kasi, mdomo wazi, akasimama kando ya hori la ng'ombe. Nyuma yake sasa kulikuwa na ule ukingo, udongo mweusi mtupu, urefu wa mtu.

Hatua tisa. Evaresta alivuta nyundo, akalenga nyuma ya bega, maana kichwa kinatakiwa maabara, akafyatua.

Tomi aliangukia ubavu. Miguu ilicheza kidogo, ikaacha. Evaresta alikunja bunduki, akatoa ganda, akaweka risasi ya pili, akasimama akisubiri mpaka alipohakikisha. Kisha akaitoa ile risasi akaitia mfukoni.

Alivaa glavu, akafanya kazi yake ya kuchukua sampuli bila kumruhusu mtu kusogea. Lesikar alichimba shimo mwenyewe, refu mpaka mabega yake yakapotea, akakataa kusaidiwa. Walipomaliza, waliketi kwenye ubao kando ya bomba, wananawa kwa sabuni kwa zamu.

"Stanley yuko wapi siku hizi?" Lesikar akauliza.

Katika miaka sita hakuwahi kulitamka jina hilo mbele yake.

"Yuko Elerai. Anachomelea."

"Anaendeleaje?"

"Anafanya kazi. Anakula. Usingizi hana."

Lesikar aliendelea kunawa, ingawa mikono ilikuwa safi.

"Siku ile nilikuwa nimesimama pale," alisema, akionyesha kwa kidevu sehemu ya juu ya uzio. "Mbwa alipogeuka kuja kwangu, nilipiga kelele. Nilimwambia piga. Piga, piga. Kama leo nilivyokwambia wewe. Sikujua Nembris ameshatoka ndani." Akajipaka sabuni tena. "Mahakamani hakuna aliyeniuliza. Nikasubiri Stanley aseme. Angesema tu kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeniambia. Hakusema."

Evaresta alifunga bomba.

"Wewe umekataa," Lesikar akasema. "Nimekwambia piga, ukakataa." Alipangusa uso kwa ncha ya shuka, hakuficha kwamba analia. "Ukimwona, mwambie nimeuliza hali yake."

*

Jumamosi Evaresta alikwenda Elerai. Stanley alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha la chuma, kofia ya kuchomelea imeinuliwa kichwani. Evaresta alimsimulia yote, kuanzia getini mpaka bombani. Alipofika kwenye kelele za Lesikar, Stanley alizima mashine.

"Anakumbuka," alisema.

"Ulisikia siku ile?"

"Nilisikia, dada."

"Kwa nini hukusema? Wangekupunguzia."

"Mtu amefiwa na mke. Nimwongezee na hilo?" Stanley alikuwa anakwangua kutu kwenye dirisha kwa ukucha. "Halafu kidole kilichovuta kilikuwa changu. Sauti ilikuwa yake, lakini kuangalia ilikuwa kazi yangu."

Baadaye Stanley akamuuliza ile bunduki ni nzito kiasi gani, na Evaresta akamwambia, na akamweleza habari za nyundo na sekunde sita. Stanley alisikiliza kwa makini kama mtu wa kazi. Akasema ni chaguo zuri. Akaomba asiionyeshwe kamwe.

Majibu ya maabara yalisema Tomi alikuwa na kichaa. Mkwe wa Lesikar alimaliza sindano zake zote na yu mzima. Chanjo ya halmashauri ilifika mwezi wa tano, na kwa siku mbili Evaresta alichanja mbwa uwanjani pa kanisa, Lesikar akiwashika wale wakali kwa mikono yake mirefu. Tangu hapo bunduki imetoka sandukuni kwa kupakwa mafuta tu.

Stanley hajapanda Nkoaranga, na Lesikar hajateremka Elerai. Salamu zinapita kwa Evaresta, mara moja kwa mwezi hivi. Mwezi uliopita Lesikar alimpa na mkungu wa ndizi. Evaresta akaushusha Elerai, na Stanley aliuweka mezani chumbani kwake, akakaa akiutazama, mpaka dada yake alipochukua kisu akaanza kuzimenya.